Walimwita Bob

Chukua kadi za besiboli za Roberto Clemente, zile za kampuni ya Topps, uzipange chini kwa mwaka kuanzia 1955 hadi 1973. Utaona kitu ambacho kadi moja peke yake haiwezi kukuonyesha. Mbili za kwanza zimeandikwa Roberto. Kuanzia 1957 anakuwa Bob. Bob 1958, Bob 1959, Bob hivyohivyo mpaka 1969. Halafu 1970 Roberto anarudi. Mtu ni yuleyule, timu ni ileile Pittsburgh Pirates, ila jina lilipotea miaka 13.

Wengi wetu hapa kambini ni watu wa futiboli, kwa hiyo nieleze kidogo. Besiboli ni ule mchezo wa Wamarekani ambapo mmoja anarusha mpira mdogo, mwenzake anaupiga kwa gongo kisha anakimbia kuzunguka vituo vinne. Kadi zake ni picha za wachezaji kwenye karatasi ngumu. Zilianza kuenea miaka ya 1880 ndani ya pakiti za sigara, baadaye zikahamia kwenye peremende na bigijii. Topps, kampuni ya bigijii ya Brooklyn, New York, iliingia kwenye biashara hiyo mwaka 1951, na mwaka uliofuata ikatoa seti kubwa ya kadi 407. Mbele kuna picha na jina, nyuma kuna tarehe ya kuzaliwa, urefu, uzito na hesabu za uwanjani. Mtoto alinunua pakiti kwa senti 1 au 5 bila kujua ndani amefichwa nani.

Sasa kuna wanaotafuta seti nzima, na kuna wale wa mchezaji mmoja. Hawa wa pili ndio ninaowapenda. Seti ya 1955 ilikuwa na kadi 206, na katika hizo Clemente alikuwa na moja tu, namba 164, tena ya fungu la mwisho, ambalo ni adimu kuliko mafungu ya mwanzo. Ukimtaka yeye tu, unafungua pakiti, unakuta wengine, unaanza kubadilishana: nipe Clemente nikupe wawili, nikupe watatu. Mwaka ujao unaanza upya. Watu huongelea bei, kama ile kadi ya Honus Wagner, naye wa Pittsburgh zamani, iliyouzwa zaidi ya dola milioni 7 mwaka 2022. Hayo ni mambo ya matajiri. Mwenye kumfuata mtu mmoja miaka 18 anapata kitu kingine: anashika mkononi namna watu walivyomtazama yule mtu mwaka hadi mwaka.

Clemente alizaliwa Agosti 18, 1934, mji wa Carolina, kisiwa cha Puerto Rico. Baba yake alikuwa msimamizi kwenye mashamba ya miwa. Timu ya Brooklyn Dodgers ilimsajili mwaka 1954 ikampeleka timu yake ndogo ya Montreal, na Novemba mwaka huohuo Pittsburgh wakamchukua kwa dola 4,000. Hapo ndipo alipocheza mpaka mwisho wa maisha yake.

Huyu hakuwa mkimbizi. Hata mgeni hakuwa, kwa sababu watu wa Puerto Rico ni raia wa Marekani tangu 1917. Karatasi alikuwa nazo zote. Alitumikia hata jeshi la akiba la Marine. Lakini alikuwa mweusi na lugha yake ilikuwa Kihispania. Timu ikienda mazoezini Florida, wenzake wazungu walishuka kula hotelini, yeye na weusi wenzake wakabaki kwenye basi. Waandishi wa magazeti nao, akiongea Kiingereza chake, waliyaandika maneno herufi kwa herufi kama yalivyotoka mdomoni, makosa yote, wasomaji wapate kucheka. Mtu anaongea mambo ya maana, wao wanachapisha lafudhi. Alikasirika sana na alikuwa na haki. Na juu ya hayo yote, Bob. Watangazaji walisema Bob au Bobby, kadi zikaandika Bob. Yeye aliwaambia watu jina lake ni Roberto.

Kuna atakayesema: jina tu, shida iko wapi? Alilipwa mshahara, alichukua ubingwa 1960, akawa mchezaji bora wa ligi yake 1966. Nina jibu kwa huyo. Ninafanya kazi na vijana hapa, na kila muhula kuna mmoja anayekuja na karatasi zake mkononi. Mtu ni Wilondja. Wazazi wake wa Fizi walimwandika hivyo, kwa herufi za Kifaransa. Kwenye kadi ya mgao ni Wilonja. Kwenye cheti cha shule D imerudi, lakini jina la baba limekuwa la kwanza. Mwingine ni M'munga, ile alama ya juu imedondoka, amekuwa Mmunga, na mahali pengine Munga tu. Aliyeandika hakuwa na ubaya, alikuwa na foleni ndefu. Lakini siku nafasi ya masomo inapotokea, wanaambiwa karatasi hizi ni za watu wawili, na nafasi inakwenda kwa mwingine. Na wazee wetu wanakumbuka mwaka 1972, Mobutu alipokataza majina ya ubatizo, mtu akalala Joseph akaamka hana Joseph. Kwa hiyo mtu asiniambie jina tu.

Turudi kwa Clemente. Mwaka 1971 Pittsburgh walichukua tena ubingwa wa World Series, naye akatajwa mchezaji bora wa fainali hizo. Kamera za televisheni zilipomfuata chumbani, kabla ya Kiingereza aliomba kwanza aseme na wazazi wake kwa Kihispania. Nchi nzima ikasubiri amalize. Hakuna kadi yenye sauti hiyo, lakini kadi za miaka hiyo sasa zinasema Roberto.

Septemba 30, 1972 alipiga mpira wake wa 3,000 uliomfikisha salama kituoni, hesabu ambayo wachezaji wachache sana wameifikia. Mwishoni mwa mwaka alikwenda Managua, Nicaragua, kuiongoza timu ya Puerto Rico kwenye mashindano. Alirudi nyumbani, na Desemba 23 tetemeko la ardhi likaibomoa Managua, watu maelfu wakafa. Clemente alikusanya chakula, nguo na dawa. Habari zikaja kwamba misaada inaishia mikononi mwa askari wa Somoza. Sisi tunaijua hadithi hiyo bila kuelezwa. Akaamua kupanda ndege mwenyewe, akiamini mbele yake hawatathubutu kuiba. Usiku wa Desemba 31 ndege, ya zamani na iliyopakiwa kupita uwezo wake, iliruka San Juan na muda mfupi baadaye ikaanguka baharini. Walikuwa watu watano. Hakupona hata mmoja, na mwili wa Clemente haukuonekana. Alikuwa na miaka 38.

Topps walitoa kadi yake mwaka 1973 kama kawaida, namba 50. Watoto walifungua pakiti za bigijii wakamkuta marehemu. Jina: Roberto Clemente.

Mwaka huohuo aliingizwa kwenye jumba la mashujaa wa besiboli, Cooperstown, wa kwanza kutoka Amerika ya Kilatini, bila kungoja ile miaka mitano ya kanuni. Kwenye bamba lake la shaba wakaandika Roberto Walker Clemente. Kwa watu wa kwao jina la baba linatangulia, la mama linafuata: baba Clemente, mama Walker. Walitaka kumheshimu, wakayageuza. Mama yake alikuwa Luisa Walker. Bamba lilitengenezwa upya mwaka 2000, likasomeka Roberto Clemente Walker.