Rehani: Deni na Historia katika Riwaya za Abdulrazak Gurnah

Katika riwaya ya Paradise, iliyotoka mwaka 1994, Yusuf ana miaka 12 anapopandishwa garimoshi kwenda pwani pamoja na tajiri aitwaye Aziz. Anadhani anatembezwa. Amezoea kumwita tajiri huyo ami, na kila akija nyumbani kwao, Yusuf hupewa sarafu. Khalil, kijana aliyemtangulia dukani, ndiye anayemfumbua macho: Aziz si ami yake, ni seyyid wake. Baba, mwenye hoteli ndogo huko bara, ameshindwa kulipa deni, na mwana ndiye rehani.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa neno hilo. Shamba huwekwa rehani, dhahabu huwekwa rehani, na katika pwani ya karne ya 19 hata watu waliwekwa. Biashara ya misafara ilisimama juu ya mkopo. Matajiri wa Kihindi wa Unguja, kama Taria Topan, walitoa mtaji na bidhaa; hata Tippu Tip aliingia bara na mali aliyokopeshwa. Msafara ukirudi na pembe, deni hulipwa. Ukinyang'anywa njiani, kila mdai humkaba aliye chini yake, mpaka zamu inamfikia mwenye hoteli ya vyumba vichache asiye na cha kutoa ila mtoto. Vitabu vya historia vimesema mengi juu ya pembe na watumwa. Gurnah amefunua daftari la mwenye duka.

Safari ya Aziz kwenda bara, ambako chifu Chatu anauteka msafara na Mjerumani mmoja anaamua mali irudishwe, inakumbusha sana masimulizi ya Waswahili wenyewe yaliyokusanywa na Carl Velten katika Safari za Wasuaheli, mwaka 1901. Anayetaka kuona mwandishi alivyofinyanga udongo wa kale, asome vitabu hivi viwili kwa pamoja.

Gurnah alizaliwa Unguja mwaka 1948, akaondoka baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 na kuhamia Uingereza, ambako alifundisha fasihi Chuo Kikuu cha Kent kwa miaka mingi. Riwaya yake ya kwanza ni ya mwaka 1987. Pilgrims Way na Dottie, zilizofuata, ni za maisha ya Uingereza zaidi. Anayetafuta historia ya pwani anaweza kuzipita.

By the Sea (2001) asiipite. Ndani yake mfanyabiashara kutoka Bahrain anakopa fedha kwa Saleh Omar na kumwachia dhamana hati ya nyumba ya mtu mwingine, ambaye naye anadaiwa. Nyumba inakwenda, familia inavunjika, na baada ya Mapinduzi hesabu ile ya watu wa mtaa mmoja inageuka kesi ya kumfunga mtu. Wengi huyasimulia Mapinduzi kwa majina ya viongozi. Hapa yanaingia kwa mlango wa nyumba iliyogombaniwa, na kwangu hilo linasadikika zaidi.

Paradise inamalizika Yusuf akiukimbilia msafara wa askari wa Kijerumani. Miaka 26 baada ya kitabu hicho kutoka, katika Afterlives, tunamkuta Hamza, aliyetolewa na baba yake kwa tajiri, akatoroka na kujiunga na jeshi hilohilo. Jina si lile, lakini kijana ni kama yuleyule. Anarudi kutoka vitani na jeraha la upanga wa mkubwa wake mwenyewe. Shemeji yake, Ilyas, aliyewapenda Wajerumani, anaishia kufia katika kambi ya mateso ya Wanazi, Sachsenhausen. Hilo halikubuniwa hewani: Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyekuwa askari mtoto katika Vita Kuu ya Kwanza, alifia kambini humo mwaka 1944.

Theft, riwaya ya mwaka 2025, ni ya Zanzibar na Dar es Salaam za juzijuzi, zenye watalii na mahoteli. Hata humo yumo Badar, kijana maskini aliyepelekwa kutumika katika nyumba ya watu, kisha anasingiziwa wizi.

Tuzo ya Nobel ilikuja mwaka 2021, na mwaka uliofuata Mkuki na Nyota ikachapisha Peponi, tafsiri ya Paradise iliyofanywa na Ida Hadjivayanis. Msomaji, anza na hiyo.