Akina Mama wa San Lorenzo na Mlango wa Shule



Wapendwa wazazi na walezi, Januari ni mwezi wa kutafuta shule. Wengi wenu mmekwisha kupita katika milango ya shule kadhaa, mkapokelewa na mwalimu mkuu au sista, mkatembezwa madarasani, mkaoneshwa jiko, vyoo na uwanja wa michezo, kisha mkakabidhiwa fomu na orodha ya mahitaji. Baadhi ya shule hizo za awali hujiita za Montessori, na wapo masista wetu wengi waliosomea malezi ya namna hiyo. Jina hilo twalisoma juu ya geti, lakini habari ya nyumba ya kwanza iliyolianzisha ni wachache waijuao. Juma hili tumeona vema tuitazame, hasa upande wake mmoja usiosemwa sana: jinsi wazazi walivyoingia katika shule ile, na jinsi wageni walivyoingia.

Maria Montessori alizaliwa Chiaravalle, Italia, tarehe 31 Agosti 1870. Mwaka 1896 alihitimu udaktari mjini Roma, wakati ambapo mwanamke daktari alikuwa kioja machoni pa watu. Nyumba ya kwanza ya malezi yake, iliyoitwa Casa dei Bambini, yaani Nyumba ya Watoto, ilifunguliwa tarehe 6 Januari 1907, Sherehe ya Tokeo la Bwana, katika jengo namba 58 la mtaa wa Via dei Marsi, kitongoji cha San Lorenzo, Roma. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba katika ufunguzi ule aliongozwa na somo la sherehe hiyo, lile la Isaya sura ya 60. Waliomsikia walidhani ametia chumvi. Mbele yao walikuwapo watoto wapatao 50, wenye woga na machozi, wa wazazi wasiojua kusoma.

Kitongoji chenyewe kilikuwa na historia ya huzuni. Kati ya mwaka 1884 na 1888 Roma ilishikwa na homa ya ujenzi. Majengo makubwa yakainuliwa haraka, kisha fedha zikakauka, na mengi yakaachwa kabla ya kukamilika. Maskini wakaingia. Mtu mmoja alipanga nyumba nzima, akawapangishia wengine vyumba, na hao nao wakapangisha pembe za vyumba. Wanaoishi uswahilini katika miji yetu hawahitaji kufafanuliwa zaidi. Hatimaye kampuni moja ya majengo, Istituto Romano dei Beni Stabili, iliyanunua na kuyakarabati, ikaweka familia zenye mwenendo mwema. Likabaki tatizo moja: wazazi wakienda kazini, watoto wadogo walibaki peke yao, wakachafua ngazi na kuchora kuta zilizopakwa rangi juzi tu. Mkurugenzi wa kampuni hiyo, Edoardo Talamo, akapiga hesabu kwamba fedha za kurekebisha kuta zingetosha kugharimia chumba kimoja na mlezi mmoja.

Tusilifiche jambo hili. Nyumba ya Watoto ilianza kwa sababu ya kuta. Mwenyezi Mungu ana desturi ya kutumia hata hesabu za wenye nyumba.

Sasa tuje kwenye kanuni, maana humo ndimo tunapotaka kukaa kidogo. Zilibandikwa ukutani, wapangaji wote wazione. Watoto wa jengo hilo, wa kuanzia miaka mitatu hadi saba, wangepokelewa bila ada yoyote. Wazazi kwa upande wao walikuwa na wajibu: kumleta mtoto kwa saa iliyopangwa, akiwa safi mwili na mavazi, na aproni yake juu, kumheshimu mlezi, na mama kufika walau mara moja kwa juma kuzungumza na mlezi huyo, kumweleza mwenendo wa mtoto nyumbani na kupokea ushauri. Mlezi naye alitakiwa kuishi ndani ya jengo lile lile, awe jirani wa familia alizozihudumia. Akina mama waliruhusiwa kuingia saa yoyote ya mchana na kutazama.

Fikirini uzito wa mpango huo. Mara moja kwa juma, mama anayefua nguo za watu na mama anayeshinda kiwandani waliketi na mlezi wa mtoto kuzungumza habari za mtoto. Maongezi hayo hayakungoja matokeo ya mtihani wala deni la ada. Mlezi wa kwanza kabisa, kijana wa kike asiye na diploma ya ualimu, hakuwa na vitabu vingi vya kumtisha mama yeyote, nasi twadhani hilo lilisaidia. Dokta Montessori alipohutubia juu ya nyumba hizi alisisitiza kwamba shule imewekwa ndani ya nyumba, ikawa mali ya wazazi wote kwa pamoja, kwa kuwa gharama yake ilitokana na utunzaji wao wa jengo.

Kanuni zile zilikuwa na upande mkali pia. Mtoto aliyefika mchafu aliweza kufukuzwa. Na mtoto ambaye mzazi wake alikosa heshima, au kwa mwenendo mbaya akabomoa kile ambacho shule inajenga, naye aliweza kufukuzwa. Hapo hatukubaliani nao. Mtoto kulipishwa kosa la mzazi ni jambo ambalo nabii Ezekieli alilikataa zamani sana, na mwenye nyumba ambaye pia ndiye mwenye shule anakuwa na mkono mrefu mno juu ya mpangaji maskini. Yatupasa kulisema hili kwa kuwa hata katika shule zetu, mtoto hurudishwa nyumbani kwa deni ambalo si lake.

Lakini mlango ukiwa wazi, maneno hupita pande zote mbili. Dokta Montessori hakuwa na nia ya kufundisha kusoma na kuandika katika umri ule. Kama watu wengi wa wakati wake, aliona ni mapema mno. Akina mama ndio waliomjia. Wao wenyewe hawakujua kusoma, na waliona jinsi watoto wao walivyobadilika, wakivaa wenyewe, wakinawa wenyewe, wakipanga vyombo mezani bila kuvunja. Wakatuma wajumbe wachache kumwomba awafundishe watoto kusoma na kuandika. Alisita. Wakaomba tena. Ndipo yeye na wasaidizi wake wakatengeneza herufi za kadibodi, na nyingine wakazikata katika karatasi ya msasa na kuzigandisha, ili mtoto apitishe kidole juu yake na mkono ujifunze umbo la herufi.

Mwezi Desemba 1907, siku ya jua zuri, walipanda na watoto juu ya paa la jengo. Dokta Montessori akamwambia mvulana mmoja wa miaka mitano amchoree dohani kwa chaki. Mtoto akachora sakafuni, akasifiwa, akatabasamu, kisha akapaza sauti kwa furaha kwamba anajua kuandika. Akainama akaandika neno la mkono, kisha la dohani, kisha la paa. Wenzake wakakimbilia chaki. Siku zilizofuata maandishi yalijaa sakafuni, milangoni, hata juu ya maganda ya mikate nyumbani, mpaka akina mama wakaona heri wawape karatasi na penseli kuliko kupoteza mikate.

Herufi zile za msasa, ambazo leo zimo katika madarasa ya Montessori duniani kote, zina chanzo chake katika ombi la wanawake wasiojua kusoma.

Baada ya hapo wakaja wageni. Malkia Margherita alifika. Wakafika walimu, waandishi wa magazeti na mabalozi. Yasimuliwa kwamba balozi wa Argentina alikuja bila taarifa siku ya Alhamisi, ambayo shule za Italia zilifungwa. Mtoto mmoja aliyekuwa uani akasikia, akawaambia wageni wasihuzunike: ufunguo anao bawabu, na watoto wote wanaishi hapa hapa. Akawaita wenzake, mlango ukafunguliwa, wakaingia na kufanya kazi zao bila mlezi kuwapo. Mgeni mwingine alileta biskuti zenye maumbo mbalimbali. Watoto badala ya kuzila wakaanza kutaja kwamba hii ni duara, hii ni mstatili. Hadithi hizi zinachekesha na kufurahisha. Zilienea haraka, hasa baada ya kitabu cha mbinu zake kutoka mwaka 1909 na tafsiri yake ya Kiingereza mwaka 1912. Mjini Roma watu walimiminika pia katika konventi ya Wafransisko Wamisionari wa Maria, mtaa wa Via Giusti, ambako masista waliwalea kwa mbinu hiyo yatima waliookolewa katika tetemeko la ardhi la Messina la tarehe 28 Desemba 1908.

Mwaka 1915, katika maonesho makubwa ya San Francisco nchini Marekani, darasa la Montessori lilijengwa kwa kuta za kioo. Watu walikaa nje wakitazama watoto wakifanya kazi, nao watoto hawakuwajali. Maelfu waliona, wakasifu. Hata hivyo, miaka michache baadaye hamu ya Wamarekani ilipoa, ikakaa miongo kadhaa kabla ya kurudi. Sababu zilikuwa nyingi, na baadhi zilitoka kwa wataalamu waliompinga. Sisi twaongeza moja ya kwetu: anayetazama kupitia kioo hana la kuulizwa wala la kuombwa. Anaona utulivu wa darasa. Hamjui yule mtoto anayekojoa kitandani tangu baba ahame nyumba. Mama wa San Lorenzo alimjua, na kila juma palikuwa na mtu wa kumwambia.

Kuna jambo jingine ambalo lazima litajwe. Mwaka 1898 Maria Montessori alizaa mtoto wa kiume nje ya ndoa, jina lake Mario. Mtoto alipelekwa kulelewa na familia moja ya shambani. Mama alikuwa akimtembelea bila kumwambia kuwa ndiye mama yake. Hivyo, katika miaka ile aliyokuwa akiwahimiza akina mama wa San Lorenzo wafike kila juma kuzungumza juu ya watoto wao, yeye alikuwa mgeni kwa mwanawe. Mwaka 1913, baada ya bibi wa mtoto huyo kufariki dunia Desemba iliyotangulia, Mario akiwa na umri wa miaka kama 15 alikuja kuishi naye, na akawa msaidizi wake hadi mama alipofariki Noordwijk, Uholanzi, tarehe 6 Mei 1952. Hatusemi haya ili kumhukumu. Wamo miongoni mwetu akina mama wanaofanya kazi za ndani mijini, na akina baba walio migodini, wanaowaona watoto wao mara moja kwa mwaka.

Mama Kanisa alifundisha katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kwa tamko juu ya elimu ya kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Maneno hayo hunukuliwa katika kila mahafali. Kisha mkutano wa wazazi huitishwa, ajenda ya kwanza ada, ya pili sare, ya tatu mchango wa uji, na mzazi aliyethubutu kuuliza kwa nini mwanawe amekuwa mkimya hujibiwa kwamba muda umekwisha. Wazazi nao hutuma dada wa kazi awawakilishe.

Kwa hiyo, tumekubaliana na masista kwamba katika shule yetu ya awali ya parokia, kuanzia juma lijalo, kila Ijumaa baada ya watoto kuondoka walimu watabaki saa moja madarasani kwa ajili ya mzazi yeyote apendaye kuzungumza. Habari za ada hazitapokelewa saa hiyo. Hizo zipelekwe ofisini siku nyingine. Mzazi asiyejua kusoma aje kama alivyo. Anayetoka kazini jioni apige hodi nyumba ya masista, watampokea.