Smith & Wesson Model 36
Bastola ndogo ya silinda kutoka Marekani, iliyotolewa 1950 kwa wapelelezi na raia wanaobeba silaha chini ya nguo. Jina lake la kwanza, Chief's Special, lilichaguliwa kwa kura na wakuu wa polisi waliokutana Colorado. Namba 36 ilikuja 1957. Silinda hubeba risasi 5 tu za .38 Special, ndiyo maana ni nyembamba. Mtutu wa kawaida, usiofika sentimita 5, hupunguza kasi, na risasi zenye shimo kwenye ncha huenda zisipanuke zikipiga. Wepesi nao una gharama yake: Model 37, toleo lake lenye fremu ya alumini, hurudi nyuma kwa nguvu zaidi, na asiyefanya mazoezi hukosa shabaha. Huyo hufaidika zaidi na risasi za nguvu ya wastani kuliko zile kali za +P, ambazo bastola za miaka ya mwanzo hazikutengenezewa.