Katiba na Desturi: Funzo Kutoka Tunisia

Ustaarabu wa nchi hupimwa kwa majengo yake, maandishi yake na biashara yake. Tunisia, nchi ya Afrika ya Kaskazini, ina kipimo kingine tangu kale, nacho ni katiba.

Karibu na mji wa Tunis yapo magofu ya Carthage. Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, mwanafalsafa wa Kigiriki Aristotle aliusifu utawala wa mji huo. Ulikuwa na mahakimu wakuu wawili waliochaguliwa kila mwaka, baraza la wazee na mkutano wa raia. Aristotle aliona kwamba haukuwa umepata mtawala dhalimu wala fitina kubwa. Hata hivyo hakuificha dosari yake: vyeo vikubwa viliweza kununuliwa, na cheo kinaponunuliwa, mali huheshimiwa kuliko wema. Mwaka 146 kabla ya Kristo Warumi waliuteketeza mji huo.

Karne nyingi baadaye, mwaka 1861, nchi hiyohiyo ilipata katiba ya kwanza iliyoandikwa katika nchi za Kiarabu. Mtawala, aliyeitwa Bey, aliwekewa mipaka, na Baraza Kuu la wajumbe 60 likaundwa. Lakini wajumbe hao waliteuliwa, hawakuchaguliwa na wananchi. Kisha kodi ya kichwa ikapandishwa kutoka riali 36 hadi 72. Mwaka 1864 watu wa mashambani waliasi, wakiongozwa na Ali ben Ghedhahem. Walidai kodi ishushwe. Walidai pia mahakama mpya ziondolewe, kwa kuwa waliziona ngeni kwao. Katiba ikasimamishwa mwaka huohuo, na mwaka 1881 Wafaransa wakaitwaa nchi.

Tangu uhuru, Tunisia imeandika katiba mwaka 1959, 2014 na 2022.

Sasa tuyatazame maneno yenyewe. Neno letu *katiba* lina asili ya Kiarabu yenye maana ya kuandika. Waarabu wenyewe huiita katiba *dustur*, neno walilolipata kwa Waajemi, na ndilo lililotupatia sisi *desturi*. Maneno hayo mawili yanatufunza jambo moja. Kuandika ni kazi ya siku chache. Kuyageuza yaliyoandikwa yawe mazoea ya mtawala na mtawaliwa ni kazi ya vizazi. Katiba ya 1861 iliandikwa vizuri, ila haikupata kuwa desturi ya watu. Katiba huwa alama ya ustaarabu pale tu mwananchi anapoiona kuwa yake.