Leseni ya basi ikiwa hatarini, mmiliki ajitetee vipi?

Basi likikamatwa kwa mwendokasi pale Dumila, barabara ya Morogoro–Dodoma, wamiliki wengi hulipa faini na kuona yameisha. Hayajaisha. Faini ni mambo ya polisi. Leseni ya kusafirisha abiria iko LATRA, mamlaka iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, na inaweza kusitishwa au kufutwa hata kama faini ililipwa siku hiyohiyo.

Katiba, Ibara ya 13(6)(a), inampa mmiliki haki ya kusikilizwa kikamilifu na kukata rufaa. Ikija barua ya kutaka maelezo, kukaa kimya ni hatari kuliko kosa lenyewe, maana uamuzi utatolewa kwa yale yaliyopo mezani.

Na yaliyopo si haba. Mabasi ya masafa marefu yamefungwa VTS, mfumo unaoonyesha gari lilikuwa wapi na lilikimbia kiasi gani. Kitufe cha utambuzi kinaonyesha nani alikuwa kwenye usukani. Kusema tu "dereva wangu hakukimbia" hakusaidii. Wakili anayeijua kazi huanza kwa kuomba taarifa hizo, azilinganishe na ratiba ya safari, saa ya tukio na mahali kibao cha mwendo kilipo. Kama kosa ni la kweli, basi utetezi unageuka: dereva alichukuliwa hatua gani, gari lilitengenezwa lini, na kwa nini adhabu ndogo inatosha. Barua ya onyo kwa dereva iliyoandikwa kabla ya kesi ina uzito kuliko iliyoandikwa asubuhi ya kikao.

Tatizo ni vishoka. Wapo wanaojiita mawakili, wanapokea hela kwa simu na kuahidi "kunyoosha mambo". Jina la wakili huhakikiwa bure kwenye mfumo wa Mahakama wa e-Wakili. Mwenye Coaster moja na marejesho ya mkopo anaweza kuona gharama ya wakili ni kubwa. Msaidizi wa kisheria anaweza kumwelekeza, lakini si wakili na haruhusiwi kumsimamia mahakamani.

Akishindwa LATRA, rufaa inakwenda Baraza la Ushindani, FCT, lililoundwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Muda wa kukata rufaa una kikomo, kwa hiyo tarehe ya kupokea uamuzi iandikwe juu ya barua siku hiyohiyo, na nakala ibaki ofisini, si kwenye dashibodi ya basi.