Marufuku haikuniachisha pombe

Wasomaji wangu, samahani kwa ukimya. Sikusafiri wala sikuumwa malaria. Nilikuwa hapa hapa Mwanza nikijifunza kukaa bila kilaji. Leo nawaletea historia kidogo, na mtaona imeniingiliaje.

Ukifuata sheria, historia ya pombe kwetu ni historia ya marufuku. Mwaka 1890 mataifa makubwa yalikubaliana kule Brussels kuzuia biashara ya pombe kali katika eneo kubwa la Afrika, letu likiwemo. Enzi za Mwingereza, babu aliruhusiwa pombe ya kienyeji, lakini wiski ilikuwa ya Mzungu. Tukapata Uhuru, na mwaka 1966 ikaja sheria ya moshi, yaani gongo. Gongo ipo mpaka leo. Halafu Machi 1, 2017 vikapigwa marufuku viroba. Hiyo naikumbuka vizuri. Nilikuwa mwanafunzi pale Malimbe, na kiroba hakikukosekana mfukoni mwangu hata siku ambayo kalamu ilikosekana. Wiki ile ile nikahamia chupa ndogo.

Sisemi ile marufuku ilikuwa mbaya, maana kiroba kilikuwa rahisi na kinafichika hata kwenye soksi ya mtoto wa shule. Ninachosema ni kwamba sheria ilikishika kifuko, mimi ikaniacha.

Nikapata ajira gazetini. Siku moja nilitumwa kuwahoji wavuvi, nikaishia grosari ya Igogo. Usiku nikaandika habari kwa kubuni, nikamwekea mzee mmoja maneno mdomoni. Ikatoka. Mzee akaja ofisini na gazeti lake limekunjwa vizuri. Hakufoka. Aliuliza tu: "Mwanangu, haya niliyasema lini?"

Tulichapisha masahihisho. Swali lile halikusahihishika.

Mama aliniombea, mjomba alinisema. Daktari alinieleza jambo ambalo wengi hatulijui: mnywaji mzito akiacha ghafla bila uangalizi anaweza kupata degedege, hata kufa. Nikafuata maelekezo yake. Lakini aliyenionyesha pa kwenda ni dereva wa daladala, mlevi wa zamani. "Mdogo wangu, Alhamisi jioni tunakaa watu sita kwenye chumba nyuma ya kanisa. Dini hatuulizi, kiingilio hakuna. Uwe tu unataka kuacha." Nikamuuliza watu sita watanisaidia nini. Akacheka: "Wenzetu walianza wawili."

Nikaenda kuchimba, na ni kweli. Mei 1935, Bill Wilson, mtu wa masoko ya hisa wa New York, alikuwa Akron, Ohio. Dili lililompeleka limekwama, na ana miezi mitano tu tangu aache pombe. Kwenye ukumbi wa hoteli yake upande mmoja ni baa, upande mwingine simu. Akaenda kwenye simu na kuanza kupigia watu wa makanisa akitafuta mlevi. Hakutafuta mchungaji wa kumwombea wala daktari wa kumtibu. Alitafuta mlevi mwenzake wa kuongea naye, ili yeye mwenyewe asinywe.

Akaunganishwa na Bob Smith, daktari wa upasuaji aliyekuwa anazama. Bob alikubali dakika 15 tu. Walianza saa 11 jioni, wakaachana baada ya saa 5 usiku. Bob alianguka tena mara moja, kisha Juni 10, 1935 akanywa kwa mara ya mwisho. Siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotaja majina yao. Kitabu chao chenye hatua 12 kilitoka 1939, na leo wapo katika nchi zaidi ya 100.

Msiseme ni mambo ya Wazungu. Mwaka 2009 vijana wa Zanzibar waliotoka kwenye dawa za kulevya walianzisha soba hausi kwa msaada wa watu wa Detroit waliopitia njia hiyo hiyo. Hatua zile zile 12 zikakaa vizuri kwa watu wanaoswali swala tano.

Basi Alhamisi nikaenda. Viti vya plastiki, chai ya rangi. Kwa mazoea nikatoa kijitabu. Dereva akaninong'oneza: "Weka kalamu. Humu hatuandiki." Ndiyo maana sitawaambia nani alisema nini. Nitasema tu kwamba nilipofikiwa nilitaja jina langu, nikasema mimi ni mlevi, na hakuna aliyeshtuka. Baa nimekaa na watu miaka mingi, lakini hatukuwahi kuambiana ukweli kiasi kile.

Jumamosi iliyopita mshahara ulitoka. Nikajikuta nimesimama Mlango Mmoja, miguu inajua njia ya grosari. Nikatoa simu, nikampigia dereva. Alikuwa barabarani. "Uko wapi? Usitoke hapo." Alipofika alisema neno moja tu: "Panda."

Nikakaa mbele. Tulikwenda Nyegezi na kurudi mara tatu, mpaka giza likaingia. Konda alipodai nauli, dereva akamwambia aniache, huyu yuko kazini.

Alhamisi nitakuwepo. Tuombeane.