Saratani ya mlango wa kizazi: usingoje dalili

Huku kwetu Tiwi maradhi haya hayatajwi. Mama akifariki husemwa tu alikuwa akiumwa na tumbo, watu wakamuombea rehema, wakatawanyika. Binti zake wanabaki bila kujua kilichomuua, wala kwamba kingeweza kuonekana miaka mingi kabla.

Saratani ya mlango wa kizazi hutokana na kirusi kiitwacho HPV, ambacho huambukizwa kwa kujamiiana. Mjerumani Harald zur Hausen, aliyegundua uhusiano huo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Kirusi chenyewe kimeenea mno. Wengi hukipata wakati fulani maishani na mwili ukakiondoa wenyewe, na chaweza kukaa miaka bila kujulikana. Kwa hivyo mke akikutwa nacho leo, mume asikimbilie kumtuhumu zinaa. Kinapong'ang'ania ndipo chembe za mlango wa kizazi huanza kubadilika, na kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kuwa saratani. Kwa mwenye virusi vya Ukimwi asiyetumia dawa, yaweza kuwa 5 hadi 10.

Miaka yote hiyo tunaiacha ipite. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaonyesha wanawake 5,236 waliugua Kenya na 3,211 wakafa. Karibu tisa kila siku.

Kipimo chenyewe ni siki. Muuguzi hupaka siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi, akangoja kama dakika moja, akatazama. Pakigeuka peupe, huenda pana chembe zilizobadilika. Jibu hutoka papo hapo, na hakuna kukatwa. Mara nyingi pale peupe huchomwa kwa joto au kugandishwa kwa baridi kali, pengine siku hiyohiyo, na mama akarudi kwake. Wanaolengwa zaidi ni wa miaka 25 hadi 49. Waliokoma hedhi siki haiwafai sana kwani sehemu inayotazamwa huwa imeingia ndani. Wao waulizie kipimo cha HPV.

Kutokwa na damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi, na majimaji yenye harufu mbaya, mara nyingi ni dalili za ugonjwa uliokwisha kukomaa. Ukiziona nenda mbio. Anayengoja mpaka zitokee huishia kuvuka feri ya Likoni kwenda Hospitali Kuu ya Pwani, safari baada ya safari, huku nyumbani mbuzi wanauzwa.

Wasichana wa miaka 10 wana chanjo, iliyozinduliwa Mombasa Oktoba 2019. Ule uvumi kwamba inafunga kizazi hauna msingi.

Najua kinachowazuia wengi ni haya. Kuvua nguo mbele ya mgeni si jambo jepesi, nami mwanamume sina haki ya kulifanya dogo. Lakini Bi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza mambo ya dini yao. Omba muuguzi wa kike, ni haki yako. Nasi wanaume tutoe nauli ya kufika Msambweni au kituo kilicho karibu bila kuulizwa mara mbili.

Usiende ukiwa hedhini, ngoja imalizike.